Sera ya Usalama wa Mtandao: Wasomaji Wauliza, Sisi Twajibu

Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa watu wa TEHAMA, wanasheria na wakurugenzi walioitwa, au wanaotarajia kuitwa, kwenye vikao vya serikali na kampuni kuhusu sera ya taifa ya usalama wa mtandao. Tumezipunguza urefu na kuondoa majina.

Ndugu Mhariri, kampuni yetu ya mawasiliano imealikwa kwenye kikao cha wizara na wakuu wa kampuni kujadili rasimu ya sera. Rasimu ina kurasa 60, nami nimepewa siku nne tu. Nianzie wapi?
*Mkuu wa TEHAMA*

Dibaji iruke, dibaji zote hufanana. Shika kalamu nyekundu upigie mstari kila kitenzi cha kutendwa: uwezo utaimarishwa, mifumo italindwa, elimu itatolewa. Kiswahili kinaturuhusu kusema jambo litafanywa bila kumtaja mfanyaji, na waandishi wa rasimu huipenda sana ruhusa hiyo. Kando ya kila mstari uliza: nani, ndani ya muda gani, kwa fedha ya fungu lipi? Kisha tafuta neno "wadau". Ukilikuta limekaa mahali pa mtendaji, kwa mfano "wadau watashirikiana kudhibiti tukio", ujue hapo hakuna mtendaji. Ukimaliza kazi hiyo, nusu ya hoja zako za kikao ziko tayari.

Halafu soma kwa makini sehemu inayohusu uongozi wakati wa tukio. Shambulio likiwa kubwa, polisi wanataka mashine zisiguswe ili ushahidi usiharibike, wahandisi wanataka kuzifuta na kuzijenga upya ili huduma irudi, na mamlaka ya udhibiti inataka maelezo ya maandishi. Wote watatu wana hoja, lakini hawawezi kuhudumiwa kwa wakati mmoja. Rasimu imtaje mwenye neno la mwisho katika saa za mwanzo, na ieleze utaratibu unaowatosheleza wote: mashine inatengwa na mtandao bila kuzimwa, kumbukumbu ya RAM, ile ya muda, inachukuliwa, diski inanakiliwa nzima, ndipo wahandisi wanaachiwa kazi yao. Kosa linalorudiwa kila mara ni kukimbilia swichi ya umeme. Kilichokuwa ndani ya RAM hupotea, na pengine kimo humo ufunguo uliotumika kuyafunga mafaili.

Tazama pia jinsi rasimu inavyoeleza "miundombinu muhimu". Orodha ya sekta (nishati, fedha, afya, mawasiliano) haitoshi, maana ndani ya sekta moja kuna kampuni ambayo kusimama kwake hakumsumbui mtu na nyingine ambayo kusimama kwake ni balaa. Dai kipimo: huduma ikikatika, watu wangapi wataikosa, kwa saa ngapi, na kuna mbadala gani? Kwa upande wenu, ulizieni utegemezi. Minara yenu inategemea umeme, na shirika la umeme linategemea laini zenu kuendesha vituo vyake kwa mbali. Mkianguka pamoja, nani anawashwa kwanza? Swali hilo halijibiwi na mtu mmoja ofisini, na ndiyo maana kikao kinahitajika.

Ukitaka mfano wa kutaja, chukua Estonia. Mashambulizi yaliyoanza tarehe 27 Aprili 2007, baada ya sanamu ya askari wa Kisovieti kuhamishwa kutoka katikati ya Tallinn, yaliifurika mitandao ya serikali, benki na magazeti kwa wiki kadhaa. Kilichowasaidia ni kwamba timu changa ya serikali ya kukabiliana na matukio, mafundi wa benki na watoa huduma za intaneti walikuwa wanafahamiana, wakapigiana simu. Mkakati wa taifa uliandikwa mwaka 2008, baada ya hapo. Kwa hiyo kiambatisho cha majina na namba za simu, kinachohakikiwa kila robo mwaka, nakithamini kuliko sura nzima ya maono na dhamira.

Naomba mnieleweshe tofauti ya sera, mkakati, sheria, kanuni na viwango. Kikaoni vyote vinatajwa kwa pamoja.
*Mwanasheria kijana*

Sera husema taifa linataka nini. Mkakati husema litafikaje, kwa miaka mingapi na kwa gharama gani. Sheria huweka wajibu na adhabu, kanuni hujaza yale ambayo sheria imeyaacha kwa waziri, na viwango hueleza namna ya kufanya kazi yenyewe. Kwa vitendo: idadi ya siku za kutunza kumbukumbu za mfumo haifai kuwekwa kwenye sheria, kwa kuwa kuibadilisha kutahitaji bunge. Iweke kwenye kanuni. Adhabu ya kifungo, kinyume chake, haifai kuchomekwa kwenye mwongozo.

Rasimu inasema tukio liripotiwe "mara moja". Serikali inapendekeza saa 6, sisi wa benki tunataka 72. Nchi nyingine zinafanyaje, na saa inaanza kuhesabiwa lini?
*Meneja wa vihatarishi*

"Mara moja" ifutwe, kwa sababu kila mtu ana yake. India, kwa maelekezo ya Aprili 2022, inataka saa 6 tangu tukio kugundulika. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi inataka saa 72. Agizo la Umoja wa Ulaya linaloitwa NIS2 limeweka ngazi: tahadhari ya awali ndani ya saa 24, taarifa kamili zaidi ndani ya saa 72, na ripoti ya mwisho ndani ya mwezi mmoja baada ya taarifa hiyo. Kwa maoni yetu ngazi ndiyo bora, na inaweza kuumaliza ubishi wenu. Serikali inataka kujua mapema ili iwaonye wengine, nanyi mnaogopa kuandika jambo mtakalolazimika kulikanusha kesho. Tahadhari ya saa 24 iwe na mambo manne tu: tukio lilionekana saa ngapi, huduma gani imeguswa, kuna dalili ya hila au ni hitilafu, na je, linaweza kuvuka kwenda kwa taasisi au nchi nyingine. Chanzo, hasara na idadi ya wateja vingoje.

Kuhusu mwanzo wa saa, msikubali neno "lilipotokea". Wavamizi hukaa ndani muda mrefu kabla ya kuonekana. Masasisho ya SolarWinds, kampuni ya programu za kusimamia mitandao, yaliyotiwa sumu na wavamizi yalianza kusambazwa Machi 2020, yakajulikana Desemba. Wateja wapatao 18,000 walikuwa wameyapakua. Saa ianze pale taasisi "inapofahamu", na kanuni ieleze kufahamu ni kufanya nini: mtu mwenye dhamana ya usalama amekagua dalili na kukubali kuwa huenda ni tukio halisi. King'ora cha programu kulia saa 9 usiku bila mtu kukitazama si kufahamu. Lakini msijifiche humo. Kama hakuna aliyekitazama kwa siku tatu, mdhibiti ana haki ya kuuliza kwa nini.

Mambo yanayoharibika mara kwa mara ni haya. Kwanza kiwango cha kuripoti: kisipowekwa, ama kituo cha taifa kinachopokea ripoti hufunikwa na ripoti za kila barua pepe ya utapeli, ama hakipokei chochote. Pili, wadhibiti wengi. Benki moja inaweza kudaiwa fomu na benki kuu, mamlaka ya mawasiliano, tume ya taarifa binafsi na polisi, wakati mafundi hawajalala siku mbili. Daini fomu moja, mlango mmoja. Serikali igawane yenyewe huko ndani. Tatu, njia ya kuripotia. Kama mvamizi yumo kwenye barua pepe zenu, ripoti mnayotuma kwa barua pepe hiyo anaisoma pamoja nanyi, kwa hiyo iwepo namba ya simu na njia ya pili isiyopita kwenye mfumo wenu.

La nne ni letu sisi wasemaji wa Kiswahili, na linachekesha mpaka likukute. Seva inaandika 03:10, mtu anasimulia "saa tisa na dakika kumi usiku", karani anaandika 9:10. Mlolongo wa tukio unavurugika kwa saa sita kamili. Ripoti ziandikwe kwa mtindo wa saa 24 zikiwa na tofauti yake na UTC, saa ya rejea ya dunia, na mashine zote zilinganishwe saa kwa NTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao. Maelekezo yale ya India yanalazimisha ulinganifu huo, na yanataka kumbukumbu za mfumo zitunzwe siku 180. Ukirudi kwenye mfano wa SolarWinds utaona hata siku 180 zisingefika mwanzo wa uvamizi. Mwaka mmoja ni ombi la haki kwa mifumo muhimu. Kwa mingine gharama ya hifadhi itabishaniwa, na si bila sababu.

Mkurugenzi wetu anasema tukiiambia serikali tumedukuliwa, kesho washindani na waandishi wa habari watajua. Nimjibu nini?
*Ofisa usalama, kampuni ya bima*

Mjibu kuwa hofu yake ina msingi, na kwamba dawa yake ipo ila lazima iandikwe kwenye sera. Kuna utaratibu wa rangi, TLP, unaosimamiwa na FIRST, jumuiya ya timu za kukabiliana na matukio iliyoundwa mwaka 1990. Toleo la 2.0 ni la mwaka 2022. Nyekundu: taarifa ibaki kwa watu waliopewa, wala wasiwaeleze hata wenzao ofisini. Kaharabu: iende kwa wanaohitaji kujua ndani ya taasisi na kwa wateja wake, ikiandikwa "kaharabu kali" iishie ndani ya taasisi tu. Kijani: iende kwa jumuiya ya wenzao, isiwekwe hadharani. Wazi: haina mpaka. Anayetoa taarifa ndiye anayechagua rangi. Anayetaka kuivusha lazima aombe.

Rangi peke yake haitoshi. Sera itenganishe kituo kinachosaidia na mamlaka inayotoza faini, na itamke kuwa maelezo yaliyotolewa kwa hiari kwa kituo hayatatumika kama msingi wa kuadhibu. Vikichanganywa, ripoti zitaandikwa na mawakili badala ya mafundi, na hapo hakuna atakayejifunza kitu.

Mkurugenzi ajue pia kwamba kinachowafaa wengine si jina la kampuni yenu. Ni anwani za IP za mvamizi, majina ya vikoa alivyotumia, alama za utambulisho za mafaili yake, na kichwa cha barua pepe ya hila. Hayo yote yanaweza kutolewa bila kumtaja mteja hata mmoja. Nanyi daini malipo yake: kila anayetoa taarifa arudishiwe kitu, walau orodha ya dalili zilizoonekana kwingine, ndani ya siku zilizotajwa. Kituo kinachopokea tu bila kutoa hukaushwa polepole.

Je, sera ipige marufuku kulipa kikombozi kwa wadukuzi?
*Mjumbe wa bodi*

Kwa taasisi za umma, ndiyo. Kwa kampuni binafsi tungeanza na wajibu wa kutangaza malipo kwa serikali, maana marufuku ya ghafla huwafanya watu walipe kwa siri kupitia wakala wa nje. Sheria ya Marekani ya mwaka 2022 kuhusu kuripoti matukio ya miundombinu muhimu imepanga saa 24 za kutoa taarifa baada ya kulipa.

Kabla hamjapiga kura, angalieni kulipa kunanunua nini. Tarehe 7 Mei 2021 kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ililisimamisha bomba lake la mafuta baada ya mifumo yake kufungwa. Ililipa bitcoin 75, karibu dola milioni 4.4. Programu ya kufungulia iliyopewa ilikuwa ya polepole mno, ikabidi iendelee kurejesha kwa nakala zake yenyewe. Baadaye Wizara ya Sheria ilizirejesha bitcoin 63.7. Na mlango walioingilia? Akaunti ya zamani ya VPN (njia ya kuingia kwenye mtandao wa kampuni ukiwa mbali) isiyotumika tena, iliyolindwa kwa nywila peke yake bila uthibitishaji wa hatua mbili.

Kwa hiyo mjadala wenye manufaa ni wa nakala rudufu. Kanuni ya kawaida ni nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa nje ya jengo. Sisi tungeongeza kwamba moja isifikike kwa akaunti za kawaida za mtandao wenu, kwa sababu mvamizi mzoefu huzitafuta nakala kwanza kabla ya kufunga chochote. Kisha pigeni hesabu ya muda. Terabaiti 20 kupitia laini ya gigabiti 1 kwa sekunde ni sekunde 160,000, yaani zaidi ya saa 44, laini ikitumika yote bila kukatika. Kwa kasi ya nusu, ambayo ndiyo hutokea, ni karibu siku nne. Bodi nyingi hudhani ni saa chache, kwa kuwa hakuna aliyewahi kurejesha mfumo mzima. Hurejesha faili moja, wakapigiana makofi.

Haitoshi sera kuamuru kila taasisi iweke viraka vya programu kwa wakati?
*Mhandisi wa mifumo*

Microsoft ilitoa kiraka, yaani sahihisho la programu, cha tundu lililotumiwa na WannaCry, programu hasidi iliyofunga kompyuta na kudai kikombozi, tarehe 14 Machi 2017. Shambulio lilikuja 12 Mei, siku 59 baadaye, na bado kompyuta zaidi ya laki mbili zikaathirika duniani. Hospitali zilizoumia hazikukosa amri. Zilikosa orodha ya mashine zao, na nyingine zilikuwa na vifaa ambavyo mkataba wa muuzaji haukuruhusu kuguswa. Sera iamuru orodha kwanza, kisha iweke muda mfupi kwa matundu ambayo tayari yanatumiwa na wavamizi. CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, huchapisha orodha ya matundu ya namna hiyo tangu Novemba 2021, bure kwa yeyote, na kila moja lina tarehe ya mwisho kwa taasisi za serikali kuu. Mashine isiyowekeka kiraka itengwe kwenye mtandao wake, na kila ununuzi mpya umbane muuzaji kusema atatoa viraka kwa miaka mingapi.

Mwanangu amegundua kuwa kwenye tovuti ya taasisi moja ukibadilisha namba kwenye anwani unaona fomu za watu wengine. Anaogopa kukamatwa akisema. Afanye nini, na sera ingemsaidiaje?
*Mzazi*

Mama au baba, kwanza asiendelee. Kubadilisha namba mara moja kwa bahati mbaya kunaeleweka; kupakua fomu mia moja "kama ushahidi" ni kosa karibu kila mahali, nia iwe njema namna gani. Asihifadhi fomu ya mtu. Aandike kwa ufupi: anwani ya ukurasa, alichobonyeza, alichokiona, tarehe na saa. Asidai malipo wala asitoe tishio la kutangaza, hata kwa utani. Apeleke kwa timu ya taifa ya kukabiliana na matukio badala ya kuandika moja kwa moja kwa taasisi isiyomjua, na kama kuna mwanasheria karibu, amwonyeshe barua kabla ya kuituma.

Sera ingemsaidia kwa mambo mawili. La kwanza ni kifungu kinachomkinga mtu aliyeripoti kwa nia njema bila kuharibu wala kuchukua data. NIS2 inazitaka nchi za Ulaya kuteua timu ya kuratibu ripoti za aina hii, na mtoa taarifa anaweza kuomba jina lisitajwe. La pili ni la kazi ya dakika kumi: kila tovuti ya serikali iwe na faili la security.txt ndani ya folda ya .well-known, lenye anwani ya kuripotia na tarehe ya mwisho ya uhalali wake, kama RFC 9116, hati ya kiufundi ya intaneti ya mwaka 2022, inavyoelekeza. Kuhusu muda wa kusubiri kabla ya kutangaza, kituo cha CERT/CC cha Marekani, kinachoratibu ripoti za matundu, hutumia siku 45, na timu ya Project Zero ya Google siku 90. Chochote mtakachochagua, kiandikwe, na mtoa taarifa ajibiwe ndani ya siku chache hata kama jibu ni "tumepokea". Kimya ndicho huwapeleka vijana kwenye mitandao ya kijamii.

Tumepewa jukumu la kuandaa zoezi la viongozi wa serikali na kampuni. Hatuna maabara. Linawezekana?
*Sekretarieti ya kikao*

Linawezekana kwa meza, karatasi na saa tatu. Wakae watu 12 hadi 15 wenye mamlaka ya kuamua. Mkurugenzi akituma msaidizi, andikeni kwenye ripoti kuwa hakuwapo. Mwezeshaji anasoma hali ya mwanzo, kisha kila dakika 20 anatoa karatasi mpya: mfumo wa malipo umesimama, mwandishi anapiga simu, mvamizi ametoa sampuli ya data, benki ya pili imeanza kuonyesha dalili hizo hizo. Mwandishi wa zoezi anarekodi uamuzi, aliyeutoa na dakika zilizotumika. Msiwape karatasi mapema, wala msikubali jibu la "tutaunda kamati".

Karatasi moja muhimu iwe hii: barua pepe, simu za mezani na orodha ya mawasiliano vimeanguka pamoja na seva. Hilo ndilo lililoikuta kampuni ya meli ya Maersk tarehe 27 Juni 2017, programu hasidi ya NotPetya ilipoingia kupitia masasisho ya programu ya uhasibu ya Ukraine. Ilibidi seva 4,000 na kompyuta 45,000 zisimikwe upya kwa siku kumi. Seva zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana data, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameweka nakala rudufu ya orodha hiyo kando. Zikafutika zote isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, iliyopona kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Waulizeni viongozi mezani: orodha yenu ya watumiaji imenakiliwa wapi, na nani anajua nywila ya kuifungulia bila kutumia mfumo wenyewe? Wapeni dakika 20 kamili, na simu zao zikae kapuni.

Mkimaliza, mapungufu yasizidi kumi, kila moja likiwa na jina la mtu na tarehe. Zoezi la pili, baada ya miezi sita, lianze kwa kuisoma orodha hiyo kwa sauti mbele ya watu wale wale.